Saa yangu, Mbeya Peak na daftari la mama

Tulikuwa wanne juu ya Mbeya Peak, mimi na jamaa zangu wawili na mzee mmoja aliyetuongoza njia, upepo unapiga mpaka kofia inataka kuondoka na kichwa, na wote wananiangalia mkono. Kisa ni kwamba wiki nzima nilikuwa nimewachosha kwenye grupu, jamani nimenunua saa inayopima mwinuko, saa ya mkononi tu ya plastiki ya Kijapani, unabonyeza kitufe inakwambia uko mita ngapi kutoka usawa wa bahari. Huu mlima karibu kila mahali unaandikwa mita 2,820. Nikabonyeza. Ikafikiria kidogo. 2,680.

"Kaka umepigwa," mmoja akasema, hata hakusubiri nipumue. Mwingine akaanza kunipa hesabu, mita 140 ni zaidi ya kiwanja kizima cha mpira kimesimamishwa wima, zimeenda wapi? Nikamgeukia mzee labda atanitetea, akacheka taratibu akasema, "Wanangu, huu mlima haujapungua tangu nizaliwe."

Nilishuka na hasira zangu. Nikafika nyumbani Uyole saa kumi na nusu jioni, asubuhi nilikuwa nimeiseti pale pale mlangoni isome 1,700, sasa inasoma 1,720. Yani sebule yetu imepanda mita 20 wakati mimi niko mlimani. Nikasema kweli nimepigwa.

Ila sikupigwa. Imenichukua kama mwezi kuelewa, na ndo maana naandika, kwa sababu kila mtu ninayemwonyesha hii saa anadhani nilichodhani mimi zamani, kwamba inapima urefu wa mlima. Haipimi. Saa haijui mlima wala bahari. Ndani ina sensa ndogo (sio ile ya watu na makazi jamani) inayopima mgandamizo wa hewa basi, alafu inakisia mwinuko kutoka hapo. Hewa ina uzito, ukiwa Matema pale ufukweni mwa Ziwa Nyasa kwenye mita mia nne sabini na kitu umebeba rundo kubwa la hewa juu ya kichwa, ukipanda basi mpaka Isongole kule juu milimani sehemu ya lile rundo umeiacha chini yako, mgandamizo unashuka. Kizio chake ni hektopaskali. Usawa wa bahari kwa kawaida ni kama 1,013, hapa Uyole simu ya rafiki yangu yenye barometa inasoma 820 na ushee. Pwani ukipanda mita 8 na kidogo unapoteza hektopaskali moja, huku kwetu inabidi upande kama mita 10 kwa sababu hewa yenyewe ni nyepesi zaidi. Kuziba masikio basi likipanda mlima Kitonga ni kitu hicho hicho, masikio yako nayo ni barometa, sema tu hayana namba.

Nilivyomweleza mama hakushangaa hata kidogo. Mama kakulia Kyela, kaolewa huku juu, na tangu nikiwa mdogo analalamika kwamba maharage ya Uyole hayaivi. Nilikuwa nadhani ni maneno ya mtu kukumbuka kwao. Kumbe hewa ikiwa nyepesi maji yanachemka mapema, huku kwetu kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwahiyo maharage yanachemka sana kwa macho ila moto wenyewe haufiki. "Si ndo ninachowaambia miaka yote," akasema. Haya.

Turudi kwenye mita zangu 140. Kosa la kwanza ni la kwangu kabisa na ni la aibu. Saa za aina hii lazima uzianzishie mahali ambapo mwinuko wake unaujua, ndo zihesabu kuanzia hapo. Mimi niligoogle "Mbeya mita ngapi", nikapata 1,700, nikaweka. Lakini ile ni Mbeya mjini, mimi nakaa Uyole, na kutoka mjini kuja Uyole unapanda, waulize wanaoendesha baiskeli za mkaa. Na kibaya zaidi, ilivyotoka kwenye boksi kabla sijaigusa ilikuwa inasoma 1,740, kwahiyo mimi kwa ujuaji wangu nikaitoa kwenye uongo mdogo nikaipeleka kwenye uongo mkubwa.

Sasa Uyole kuna bahati moja ambayo sijui ni wangapi wanaijua. Reli ya TAZARA, kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, kilomita 1,860, sehemu yake ya juu kuliko zote iko hapa hapa Uyole, mita 1,789.43. Angalia hiyo nukta nne tatu! Waliojenga kati ya 1970 na 1975 walipima mpaka sentimita, wakati mimi nahangaika na google. Nikatoka na saa mpaka kando ya reli (kando, sio juu yake), nikaiseti 1,790 kwa sababu yangu inaenda kwa hatua za mita tano tano, na reli ina raha moja, haina mlima wa ghafla, hata ukisimama mita mia mbali na pale penyewe umekosea kidogo sana. Nikarudi nyumbani, inasoma 1,790 bado. Basi mita 90 za aibu zikawa zimepatikana, zilikuwa kwenye kichwa changu.

Zikabaki 50, na ile sebule inayopanda.

Hii ya sebule, kosa la pili, ndo iliyonifurahisha kuliko yote. Jumapili moja sikutoka, nikaivua saa nikaiweka kabatini pembeni ya tv, nikawa naichungulia. Saa moja asubuhi 1,790. Saa nne 1,780. Mchana ikaanza kupanda, saa kumi jioni 1,810. Nikasema labda ni wingu. Usiku saa nne imerudi 1,785, nikaweka alamu ya saa kumi alfajiri (ndiyo, niliamka, msinihukumu) nikakuta 1,800. Kesho yake hivyo hivyo. Keshokutwa hivyo hivyo. Saa nne chini, saa kumi juu, saa nne chini, saa kumi juu, kama mtu anapumua.

Kumbe hewa nayo ina kupwa na kujaa kama bahari. Watu wa pwani wanajua maji yanajaa na kutoka mara mbili kwa siku, basi hewa hivyo hivyo, sema bahari inavutwa zaidi na mwezi, hewa inasukumwa na jua linavyopasha anga la juu kila siku kwa ratiba ile ile, mawimbi yanazunguka dunia nzima. Na huku karibu na ikweta ndo linaonekana vizuri. Mgandamizo unakuwa juu kwenye saa nne asubuhi na saa nne usiku, unakuwa chini saa kumi na saa kumi, na tofauti kwa siku ni hektopaskali kama tatu. Piga mara mita kumi. Sebule yetu inapanda na kushuka mita 30 kila siku na hakuna aliyewahi kumwaga chai.

Ulaya hii hawaioni sana kwa sababu kwao dhoruba moja inaweza kuangusha hektopaskali 20 au zaidi, hako kawimbi kanamezwa. Ndo maana kitabu cha maelezo ya saa kimeandikwa kana kwamba wote tunaishi kwenye dhoruba, mgandamizo ukishuka jiandae na mvua. Hapa Mbeya ukifuata hicho kitabu utaanua nguo kila siku saa nane mchana, mwezi wa saba, jua linawaka, vumbi tupu.

Kwahiyo kwa mtu wa huku anayepanda mlima ushauri wangu ni tofauti na wa kitabu, tazama muda. Ukiianzisha saa nne asubuhi ukafika juu saa kumi jioni, utapewa mita 30 za bure hujazipanda. Ukipita mahali panapojulikana, iseti upya, usione aibu.

Alafu lile kosa la tatu, joto. Saa inakisia kwamba hewa yote duniani ni ya wastani, nyuzi 15 usawa wa bahari, inapungua nyuzi 6.5 kila kilomita moja. Kwa hesabu hiyo kwenye mita 2,300, katikati ya safari yetu, inatakiwa iwe sifuri. Sifuri! Mbeya tuna baridi ya kujisifia, mwezi wa sita tunavaa makoti mpaka watu wa Dar wanatucheka, ila mchana sifuri hapana. Hewa yetu ina joto kuliko ilivyo kwenye kichwa cha saa, na hewa ya moto imetanuka, kwahiyo inabidi upande zaidi ili upoteze hektopaskali ile ile moja. Saa hailijui hilo, inakuhesabia pungufu. Kanuni ya haraka ni kwamba kila nyuzi 10 za ziada ongeza asilimia 4 kwenye mita ulizopanda. Ukipanda mita 1,000 na hewa ina nyuzi 14 za ziada unakuwa umeibiwa kama 55. Na hizo ndo 50 zangu.

(Usisome joto saa ikiwa mkononi, itakusomea ngozi yako. Vua, itundike kwenye begi kivulini robo saa au zaidi.)

Mtu ataniuliza kwanini nisitumie GPS ya simu yakaisha. Tumia, sikatai, mimi nikifika mahali nisipopajua naanzia hapo. Ila kwenye urefu GPS ina makosa makubwa kuliko kwenye ramani, ukisimama pale pale inaweza kuruka huku na huku, wakati barometa ukipanda ngazi za ghorofa tatu inakuona.

Basi nikataka kurudia. Hapo nilikuwa nimesoma habari za Mfaransa Pascal, ndiye hizo hektopaskali zimepewa jina lake. Mwaka 1648 alimtuma shemeji yake apande mlima unaitwa Puy de Dôme na bomba la zebaki aone kama zebaki itashuka, ikashuka kweli. Lakini kilichonigusa ni kwamba shemeji mtu aliacha bomba lingine chini kwa mtawa mmoja, alitazame kutwa nzima lisije likawa linacheza lenyewe wakati yeye yuko juu. Nikasema huyu ndo mtu wangu. Na mimi mtawa ninaye.

Nikaazima ile simu yenye barometa, nikaiweka jikoni. "Mama, kila baada ya saa moja angalia hii namba, andika." Akaniuliza kuna malipo? Nikamwambia nitaleta viazi. Akasema viazi vipo. Ila akachukua daftari lake la vikoba, akafungua ukurasa wa nyuma.

Nikaiseti 1,790 saa moja asubuhi, tukaondoka, jamaa ni wale wale, walikuja ili wanicheke vizuri. Chini nilipima joto nyuzi 16, kileleni 12, wastani 14. Saa saba mchana nikabonyeza, 2,770. "Imeongezeka," mmoja akasema, "next time itafika." Sikumjibu. Nikaandika kwenye kiganja.

Jioni jikoni nikafungua daftari. Saa moja asubuhi mama kaandika 822.1, saa saba mchana 821.1. Hewa ilikuwa imeshuka hektopaskali moja hapo hapo nyumbani, maana yake mita 10 za bure, zitoe, inabaki 2,760. Nimepanda 970 kwa macho ya saa. Asilimia 5.6 za joto ni kama 54. Jumla 1,024, ongeza 1,790 za reli. 2,814.

Mita sita tu! Kwa saa inayoenda kwa hatua za tano. Nikapiga picha hesabu nikatuma kwenye grupu, wakajibu kwamba ukipewa kalamu hata wewe unaweza kuufikisha mlima popote. Mmoja akadai sasa nikamalize ubishi wa milima ya Rungwe na Mtorwi, upi mrefu, maana Rungwe wanaandika 2,960 na Mtorwi 2,961, na Wanyakyusa hawajawahi kuikubali hiyo mita moja. Kaka, kwa hii saa? Hiyo mita moja wapelekee wale waliopima reli.

Ukurasa wa mama nimeuchana nimeuhifadhi. Kuanzia saa moja mpaka saa saba kaandika namba tu kwa mstari ulionyooka. Saa nane kaandika "nimesahau, kuku waliingia kwenye mchicha." Saa tisa 820.3. Na wa mwisho, saa kumi jioni, 819.9, alafu pembeni kwa herufi ndogo, "maharage ndo kwanza yanaiva."