Siku moja maishani mwangu: nesi, mtoto na mshipa

Saa 11:00 alfajiri. Simu inalia, ila mara nyingi huwa nimeshaamka. Nachemsha chai, napasha kiporo cha jana, nampigia pasi mwanangu sare. Baba yake ndiye humpeleka shule. Saa 12:00 kamili niko kituoni Igoma nagombania daladala na wanafunzi. Hadi tuvuke Nyakato na Mabatini, kumekucha kabisa.

Mimi ni nesi wa wodi ya watoto katika hospitali moja hapa Mwanza, mwaka wa 12 sasa. Watu wakisikia wodi ya watoto hunipa pole. Naipokea, maana watoto wanaumwa kweli na wengine tunawapoteza. Lakini naipenda kazi hii kwa moyo wote, na mapenzi hayo hayakuwepo nilipoanza. Yaliingia kupitia mkono.

Saa 1:30 asubuhi. Tunapokezana zamu. Wenzetu wa usiku wanatembea nasi kitanda kwa kitanda wakitoa ripoti. Tukifika namba 9, dada wa usiku ananigeukia: "Huyu kanula yake imetoka saa 10 usiku. Tumejaribu, tumeshindwa. Tulikuwa tunakusubiri wewe." Kanula ni ule mrija mwembamba wa plastiki unaoingizwa kwenye mshipa kwa sindano na kuachwa humo, ili dawa na maji vipite.

Mtoto wa miaka miwili, malaria kali, amebakiza sindano moja ya dawa ya artesunate, ile inayochomwa saa 24 baada ya ile ya kwanza. Mikono yote miwili imejaa plasta. Namsalimia mama yake, nanawa, nashika mguu wa mtoto, kidole kinapita mbele kidogo ya kifundo cha ndani. Kuna mshipa pale ambao hauonekani lakini karibu kila mtoto anao. Dakika nne, nimemaliza. Mama anasema, "Sista, una mkono mwepesi." Hilo ndilo jina la ujuzi kwa wagonjwa wetu, wala sijui jina zuri kulipita.

Saa 3:20. Anaingia bibi mmoja kwa haraka, nyuma yake binti yake, na mtoto wa miezi 8 ndani ya khanga. Kaharisha na kutapika siku mbili. Macho yamedidimia. Naifinya ngozi ya tumbo, inabaki imesimama kama kitambaa, inarudi taratibu. Hawezi kunyonya. Analia, lakini sauti ni ndogo na hakuna hata tone la chozi. Kilo 7.

Mtoto aliyekaukiwa maji hivi, mishipa yake nayo imesinyaa. Hapa macho hayakusaidii. Namfunga mkono kwa kipande cha glavu nilichokikata, naufunika kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, nasubiri kidogo, kisha naanza kutafuta kwa kidole cha shahada. Mshipa una namna yake ya kujibu: unaugusa, unabonyea, unarudi, kama unagusa mrija laini uliojaa maji. Msuli haufanyi hivyo, mfupa haufanyi hivyo. Nyuma ya kiganja, kati ya kidole cha mwisho na kinachofuata, nausikia. Mwembamba kama uzi.

Nachukua kanula namba 24, ile ya njano. Kidole gumba kinavuta ngozi ili mshipa usikimbie. Naingia nikiwa nimeilaza sindano, polepole sana. Hakuna damu. Zamani hapa ningeogopa na kuanza kuchokonoa. Sasa najua kwamba kwa mtoto mkavu damu huchelewa, basi natulia. Nahesabu kimya, moja, mbili, tatu, nne. Damu inachungulia. Nailaza zaidi, nasogeza kama upana wa punje ya mtama, nausukuma mpira uingie huku nikiirudisha sindano. Mililita mbili za maji ya chumvi zinapita bila uvimbe. Nafunga plasta, naegemeza mkono kwenye kibao nilichokikata kutoka boksi la dawa. Dripu inaanza: mililita 210 saa ya kwanza, 490 saa tano zinazofuata.

Zile sekunde nne za kusubiri, sikuwa na njaa wala deni, na kichwani hakukuwa na daladala. Tulikuwepo mimi, kile kidole na yule mtoto, basi. Huwa natoka pale mwili umepumzika kana kwamba nimelala.

Nilipoanza haikuwa hivi. Mwaka wangu wa kwanza nilimchoma mtoto mmoja mara saba. Mama yake alimnyanyua kitandani akaniambia, "Usimguse tena mwanangu." Nilikwenda chooni nikalia, na jioni nikamwambia mume wangu naacha kazi, nifungue duka la vitenge. Kila zamu nilikuwa naingia na tumbo linauma. Nilipokuwa sijui, kumbe nilikuwa najitazama mwenyewe: mkono unatetemeka, huyu mama ananionaje, daktari atasema nini. Mtoto mwenyewe simwoni. Mkono ulipoanza kujua, macho yakapata nafasi ya kumtazama mtoto, masikio yakapata nafasi ya kumsikiliza mama. Furaha yangu ilianzia pale, siku nilipoacha kujichunga.

Aliyenivusha ni nesi mmoja mtu mzima, sasa amestaafu. Hakuwahi kunigombeza. Alinifumba macho kwa kitambaa, akanipa mkono wake, akasema: tafuta. Tulifanya hivyo kila mchana kwa wiki kadhaa.

Sisemi kila mwenye ujuzi ana raha. Nawajua wenzangu wenye mikono mizuri kuliko huu wangu ambao wamechoka, maana anayejua ndiye anayeitwa kila kona, mpaka chakula chake kinapoa. Mshahara nao ni ule ule. Ila kufanya kila siku kazi usiyoijua ni mateso, na sijaona malipo yanayoyafuta.

Saa 5:00. Kuna kijana yupo fildi, mwaka wa mwisho wa stashahada. Tangu Jumatatu anajificha kwenye kuandika mafaili. Namjua, nilikuwa yeye. Namchagulia mgonjwa wa miaka 9 mwenye mishipa mizuri, na mgonjwa mwenyewe amekubali. Kijana anatetemeka. Namwambia afumbe macho atafute kwanza. Anatafuta, muda unapita, halafu uso unabadilika. "Nimeusikia, dada." Anaingia mara moja. Hakusema neno lingine, lakini mpaka mchana alikuwa anazunguka wodi nzima akiuliza nani anahitaji msaada. Mafaili kayasahau.

Saa 7:30 mchana. Nakosa. Mtoto mnene wa mwaka mmoja, mikono kama mikate. Nimejaribu mara mbili, mshipa wa pili umepasuka. Mara mbili zinatosha, ndivyo nilivyofundishwa. Ya tatu unakuwa unapigania sifa yako kwenye mwili wa mtoto wa mwenzio. Namwomba mama msamaha, namwita kaka wa zamu, naye anaupata mguuni kwa mara moja. Nilimshikia mguu mtoto yule na nilifurahi sawasawa na kama ningeupata mimi. Miaka ile ningelia.

Saa 9:20 alasiri. Dripu ya mtoto wa bibi inaisha. Namfinya tumbo, ngozi inarudi papo hapo. Nepi imelowa mkojo. Nagusa plasta ya kiganjani, anakunja uso, anapiga kelele za kweli kweli, na machozi mawili makubwa yanateremka mpaka masikioni. Mama yake anataka kumbembeleza, mimi namwambia mwache kidogo, mama, tuyaone. Bibi anaelewa. Ananishika mkono kwa mikono yake yote miwili, ananishukuru kwa Kisukuma: "Wabeja, mwanangu. Wabeja sana." Mtoto anawekwa titi, ananyonya.

Saa 9:30 natoa ripoti kwa zamu ya jioni, kitanda kwa kitanda.

Saa 3:00 usiku. Mwanangu amelala. Tumekaa nje na mume wangu, upepo wa ziwa unafika mpaka huku kwetu. Ananisimulia habari za kazini kwake, nami nimemshika mkono. Ananyamaza katikati ya habari, anatazama chini.

"Umeupata?"

Kidole changu kimeshatulia nyuma ya kiganja chake, juu ya mshipa. Sikujua hata kilifika pale saa ngapi.