Jezi namba 54

Jana shemeji alikuja kwangu hapa Kent, jirani na Seattle, kavaa jezi yake ya zamani ya Seahawks, timu ya Seattle, namba 54, na kabla chai haijachemka ugomvi wetu wa 2022 ukafufuka. Seattle walifanya sawa kumwachia Bobby Wagner, mwenye namba hiyo?

Kwa msiofuatilia mpira wa Kimarekani: Wagner ni linibeka, mlinzi anayesimama nyuma ya yale majitu ya mstari wa mbele, anausoma mchezo, anawapanga wenzake, kisha anamwendea mwenye mpira na kumbwaga chini. Seattle walimchukua 2012, chaguo la 47 timu zilipogawana wachezaji wapya. Msimu wake wa pili tu wakabeba Super Bowl, fainali ya ligi, 43 kwa 8 dhidi ya Denver. Msimu wa 2021 alibwaga watu mara 170. Machi 8, 2022, siku ileile zilipotoka habari za Russell Wilson, mrusha mpira wao mkuu, kupelekwa Denver, naye akaachwa.

Mimi nilikuwa upande wa timu. Ligi ile ina ukomo wa mishahara, hulipi unavyojisikia. Kumwachia kuliwapa nafasi ya zaidi ya dola milioni 16. Alikuwa na miaka 31, na kijana aliyecheza pembeni yake, Jordyn Brooks, alishampita: mara 184. Halafu angalia wanabwagwa wapi. Kumwangusha mtu aliyekwisha kula yadi saba si sawa na kumzima yadi ya kwanza.

"Shem, unaongea kama mhasibu," akaniambia, huku anachovya mkate.

Ila kuna kitu sijawahi kumjibu. Wagner alikuwa wakala wake mwenyewe; kumpata ilikuwa simu moja tu. Lakini mwenyewe alisema kwamba baada ya miaka 10 hakusikia kutoka kwao kuwa harudi. Hapo huwa nanyamaza. Kuna ghala nililofanyia kazi zamani. Alfajiri moja nikafika, kadi ikakataa mlangoni. Taa nyekundu. Nikaifuta kwenye suruali, nikajaribu tena. Nyekundu. Wenzangu wakanipita mmoja mmoja, "vipi, vipi," wakaingia. Msimamizi alitoka baadaye na bahasha. Kazi zilikuwa zimepungua kweli, hilo silipingi hata leo.

Wagner alikwenda Rams, timu ya Los Angeles, na Desemba hiyohiyo akakutana na Seattle akawapokonya mpira. Mwaka 2023 wakamrudisha kwa mkataba wa mwaka mmoja. Akabwaga watu mara 183, akaongoza ligi nzima. Shemeji anaishika namba hiyo kama rungu. Nami namkumbusha kwamba msimu ule ulinzi wao ulivuja mno mbele ya wakimbiaji, kwa hiyo watu wa kubwaga walikuwa wamejaa tele. Msimu ulipokwisha akahamia timu ya Washington, Commanders.

Tulibishana hadi saa nne usiku. Aliposimama kuaga nikaona ile 4 ya mgongoni imeanza kubanduka pembeni. Akaniuliza kama nina pasi.