Ofa ya laki 7
Jamani kuna kampuni hapa Tanga wamenipa ofa ya kazi, mshahara laki 7 kwa mwezi, nikasema asante naomba nijibu kesho, nikakaa na kalkuleta ya simu: NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) asilimia 10 ni 70,000, PAYE (kodi ya mshahara) 42,000, bodi ya mikopo, ule mkopo wa chuo, asilimia 15 ni 105,000 (hawa hawana huruma kabisa), mkononi inabaki 483,000 na bado daladala ya Pongwe kwenda na kurudi. Nikampigia dada wa HR, shikamoo kwanza, nikaomba 850,000 nikamtajia na uzoefu wangu wa ghala. Akacheka. Jioni akanirudia, "mdogo wangu mshahara hausogei ila tutakupa posho ya usafiri na chakula." Nikamwambia sawa dada ila iingie kwenye mkataba. Imeingia, jumatatu naripoti.