Jinsi nilivyowafanya wasiocheza Warcraft wamsikie Mfalme Terenas

Mwonyeshe mtu asiyejua lolote kuhusu Warcraft ile video ya ufunguzi ya Wrath of the Lich King, nyongeza ya gemu ya World of Warcraft, atakwambia ni kali. Atalisifu joka, ataisifu barafu, atauliza ilitengenezwa lini, na ukimjibu kuwa ni ya 2008 atashangaa kidogo. Kisha atarudi kwenye simu yake. Mwonyeshe aliyemwongoza Arthas, mwana wa mfalme, kwa mkono wake mwenyewe katika Warcraft III, gemu iliyotangulia ya 2002, utaona kimya kingine kabisa. Nawajua wenzangu ambao hawajagusa gemu hii kwa miaka mingi, lakini yule mzee anayesikika kwenye video akianza kusema "mwanangu," wanaweka chini walichoshika.

Tofauti hiyo ilinisumbua. Hapa Mwanza, watu ninaokaa nao wakicheza gemu, basi ni mpira kwenye PlayStation. World of Warcraft hawaijui, na siwalaumu: inalipiwa ada kila mwezi, inataka kompyuta na intaneti isiyokatikakatika. Lakini video ile mimi naiona ni kazi ya sanaa inayostahili kuonwa na yeyote, na nilitaka dada yangu, jirani yangu muuguzi na fundi simu wa mtaani kwetu waiitikie kama mashabiki wake wanavyoiitikia. Siyo waipende kwa sababu mimi naipenda. Waisikie. Nimefanikiwa, na nataka kueleza nilivyofanya, maana naamini wapo wengine wenye gemu zao wanazotamani ndugu zao wazielewe.

Kwanza tuelewane ugumu uko wapi. Katika video ile hakuna anayepigana. Tufani ya theluji inavuma, mtu mwenye kofia ya chuma anaibuka kwenye barafu, anatembea, anachomeka upanga wake chini, joka la mifupa linapasua barafu na kuruka, jeshi la maiti linasimama na kunguruma. Basi. Juu ya picha hizo kuna sauti ya mzee anayezungumza kwa upole. Anamwambia mwanawe kwamba siku aliyozaliwa misitu ya Lordaeron, ufalme wao, ililinong'ona jina lake. Anamwambia alivyojivunia kumwona akikua, na kwamba ushindi wa kweli ni kuigusa mioyo ya watu wako. Anamwahidi kuwa siku zake yeye zikifika mwisho, ufalme utakuwa wa mwanawe.

Asiye na habari anasikia maneno mazuri na anaona picha ya kutisha, akili yake inachagua picha. Shabiki anavipata vyote viwili kwa mpigo, na ndipo mwili unaposisimka. Mzee anasema habari ya kuigusa mioyo ya watu wakati mwanawe anaamsha maiti. Anamwahidi kiti cha enzi mtu ambaye alikwishamwua kwenye kiti hichohicho.

Niligundua ugumu huu kwa swali moja. Badala ya kumwuliza mtu kama ameipenda, nilikuwa nauliza, "Anayeongea ni nani?" Wengine walisema mchawi. Wengine walisema ni huyohuyo mwenye kofia. Kijana mmoja pale kwenye ukumbi wa gemu alisema ni Mungu. Hakuna aliyesema baba, ingawa neno "mwanangu" linasikika waziwazi. Nikajua cha kufanya: nimlete baba kwanza, video ifuate.

Ushauri wa kwanza niliopewa na kila mtu ulikuwa niweke maelezo juu kwa juu, kama walivyofanya watafsiri wa filamu kwenye mabanda ya video. Nimekua nikimsikiliza Lufufu, nayaheshimu sana mabanda yale. Ndiyo yaliyonifundisha kuwa filamu ya Kichina au ya Kimarekani inaweza kuwa yangu. Lakini hapa nilikataa. Lufufu alikuwa anaongeza uhai pale ambapo watazamaji hawakuelewa mazungumzo. Katika video hii sauti ya mzee ndiyo nusu ya kazi yenyewe: jinsi anavyotulia, anavyovuta pumzi. Ukizungumza juu yake umemwua mara ya pili. Kwa hiyo nikaamua hadithi yote isimuliwe kabla, na video ikianza nisitie neno.

Sasa usimulie kiasi gani? Hapa mashabiki wengi huwapoteza wageni. Wanaanza na Burning Legion, wanaeleza Ner'zhul alikuwa nani, wanamtaja Kel'Thuzad, na baada ya nusu saa msikilizaji anapiga miayo. Mimi nilibakiza baba, mji, upanga na kiti cha enzi. Kulikuwa na mfalme mwema, Terenas, na mwanawe Arthas, askari mcha Mungu aliyependwa na watu wote. Ukaja ugonjwa uliofichwa ndani ya nafaka. Anayekula anakufa, kisha anainuka akiwa mtumwa wa adui. Arthas akaufuatilia hadi mji wa Stratholme na kukuta nafaka imekwishagawiwa.

Hapo nilikuwa nasimama makusudi na kuwauliza: wewe ungefanyaje?

Sehemu hii sikuitegemea iwe moto namna ile. Arthas aliamuru wakazi wauawe wote kabla hawajageuka. Mwalimu wake Uther alikataa. Jaina, aliyempenda, aligeuka akaondoka. Jirani yangu muuguzi alikasirika kwelikweli. "Unawatenga, unawahudumia, unawazika wanaokufa," alisema. "Huwezi kumwua mgonjwa kwa sababu unajua atakufa." Fundi simu akamjibu kuwa hakuna dawa, kila anayekufa ni askari wa adui, na kesho atakuja kuwaua watoto wako. Dada akauliza kama kuna aliyewapa wale watu nafasi ya kusema wenyewe wanataka nini. Walibishana hadi chai ikapoa. Mimi nilikuwa nasikiliza kwa furaha isiyo kifani, maana ni ubishi uleule ambao mashabiki wa Warcraft wameuendeleza tangu 2002, na hawa watu watatu waliufikia wenyewe bila kujua kuwa upo.

Kilichobaki nilikisema haraka. Arthas akavuka bahari hadi nchi ya barafu kutafuta kisasi, akauchukua upanga wenye laana uitwao Frostmourne, nao ukamnyang'anya roho. Akarudi nyumbani. Raia wakamrushia maua ya waridi kwa kudhani ni shujaa. Akaingia kwa baba yake, akapiga goti, kisha akasimama akamchoma upanga. Taji likaanguka likaviringika sakafuni. Baadaye alirudi kwenye barafu, akavaa kofia ya Lich King, yaani mfalme wa maiti, akakaa kwenye kiti chake na kusinzia.

"Video inapoanza sasa," niliwaambia, "ndipo anapoamka." Nikabonyeza.

Nilijifunza kutoitazama skrini. Naijua video kwa moyo. Cha kutazama ni nyuso. Dada yangu alikuwa ameegemea mto, na mzee aliposema neno la kwanza akanyanyuka. Fundi alitabasamu joka lilipotoka, kisha tabasamu likamwisha lenyewe, sidhani kama aliliona linavyoisha. Muuguzi hakusogea. Mzee alipofikia pale pa kumwahidi mwanawe ufalme, dada akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe huyu ni marehemu."

Video ilipoisha nikauliza swali langu lilelile, anayeongea ni nani, na safari hii lilionekana swali la kipuuzi. Waliniomba niirudie. Mara ya pili ndipo walipoanza kuzungumza, na walizungumza habari za baba zao, si za gemu. Fundi alisema jambo ambalo sijawahi kulisoma kwa shabiki yeyote: kwamba mzee hamlaumu, na hiyo ndiyo adhabu. Angemtukana ingekuwa nafuu.

Naomba niseme hili kwa mkazo. Watu husema sinema za Blizzard, kampuni inayotengeneza Warcraft, zinapendwa kwa ajili ya ufundi wa picha. Ufundi upo, na kwa mwaka ule ulikuwa wa hali ya juu. Lakini picha za 2008 leo zimepitwa na gemu nyingi za kawaida, na bado video hii haijapitwa. Gemu yenyewe ilifikisha wanachama milioni 12 mwezi Oktoba 2010, na wapo kati ya watu hao walioingia Northrend, ile nchi ya barafu, wakiwa tayari wamebeba kifo cha Terenas kutoka gemu ya 2002 iliyokuwa ya aina nyingine kabisa. Waandishi waliwaamini wachezaji wao kwamba wanakumbuka. Hawakueleza chochote.

Baada ya hapo kuonyesha mwisho wa Arthas ilikuwa kazi nyepesi. Mwanzoni mwa 2010 wachezaji walifika kileleni Icecrown, ngome ya Lich King, upanga ukavunjwa na shujaa Tirion Fordring, na roho ya Terenas ikamshika mwanawe akiwa anakata roho na kumwambia kwamba hakuna mfalme anayetawala milele. Dada alilia. Kisha wakamwona askari Bolvar Fordragon, aliyeungua kwa moto wa majoka, akiomba kofia ile avikwe yeye, kwa sababu maiti wasipokuwa na wa kuwazuia watamwagika duniani kote. Akaganda kwenye kile kiti kwa hiari yake, akataka watu waambiwe kuwa amekufa.

Nilisisitiza sana hapo, kwani nilijua tunakokwenda. Tarehe 1 Novemba 2019, kwenye BlizzCon, mkutano wa mashabiki wa Blizzard, huko Anaheim, Marekani, ilionyeshwa video ya ufunguzi ya Shadowlands, nyongeza nyingine ya gemu hii. Sylvanas Windrunner anapanda hadi Icecrown peke yake, anampiga Bolvar, anamfunga minyororo, anamvua kofia na kuipasua vipande viwili kwa mikono yake. Mbingu inapasuka, nchi ya wafu inaonekana upande wa pili. Ukumbi ulishangilia. Mashabiki wengine nje ya ukumbi walikasirika, na hasira ile haikupoa upesi: walisema Lich King amegeuzwa mtu wa kupigwa na yeyote, na Sylvanas amepewa nguvu zisizoelezeka.

Nilikuwa na hamu ya kuona kama kundi langu lingegawanyika vivyo hivyo. Niliwaeleza tu kwamba Sylvanas ni jemadari aliyeuawa na Arthas akilinda nchi yake, na kwamba Arthas hakumwacha apumzike, akamfufua awe mtumwa wake. Nikanyamaza.

Waligawanyika papo hapo. Fundi alisimama akapiga makofi mwanamke yule alipoipasua kofia. Kwake ilikuwa haki iliyochelewa. Muuguzi alichukia. "Yule bwana alijitoa akakaa pale ili sisi tulale," alisema, "halafu mtu anakuja kuvunja kwa sababu ana uchungu wake." Dada alikuwa katikati, na aliuliza swali zuri kuliko yote: kwa nini hakuna aliyemwambia Sylvanas kwa nini yule mtu anakaa pale?

Mimi niko upande wa muuguzi. Naipenda video ile, pambano lake ni safi kuliko yote waliyotengeneza, na ile mbingu inavyopasuka bado sijaona mfano wake. Lakini wale waliokasirika walikuwa wanailinda ahadi waliyopewa 2010, na wanaowaita watu wasiopenda mabadiliko hawawatendei haki. Ukimfundisha mtu kwa miaka kumi kuwa kiti kile ni mzigo wa mtu mmoja kwa niaba ya wote, hana budi kuumia ukikivunja kabla hajapata nafasi ya kuaga. Hata fundi, baada ya ubishi mrefu, alikiri kwamba Bolvar alistahili dakika moja ya kusikilizwa.

Kwa wanaotaka kujaribu nyumbani: pakua video usiku kwa bando la bei nafuu, usitegemee mtandao utiririshe mbele ya wageni, kwa sababu ikikwama katikati ya sauti ya mzee huwezi kuirudisha ile hali. Tumia televisheni na spika ya nje. Anza na kifo cha Terenas cha 2002 hata kama picha zake ni za zamani, fuata ufunguzi wa 2008, kisha mwisho wa Arthas. Shadowlands iwe siku nyingine, watu wakae na Bolvar kwanza. Usiwaambie wewe uko upande gani mpaka wameshasema wao.

Video ya The War Within, nyongeza iliyotangazwa Novemba 2023, nimeiweka ya mwisho. Humo Thrall, shujaa mkongwe wa gemu hii, anamtafuta Anduin, mfalme kijana aliyeteswa na yaliyompata Shadowlands, na sehemu kubwa ni mazungumzo ya watu wawili waliochoka. Muuguzi ameniomba tuiangalie akiwa na wenzake wawili wa wodini, na nimeshaanza kuwasimulia hao wawili habari za Stratholme. Mmoja tayari anasema Arthas alikuwa sahihi.