Panda gari

Jumapili, usiku. Watoto wamelala. Mama mkwe alirudi kwake Luwero jana asubuhi, na bado naokota maharagwe chini ya kabati.

Niandike kabla sijaanza kujidanganya kwamba nilitenda vizuri.

Jumanne ya wiki iliyopita, jioni, mama alikuwa ameketi mkekani sebuleni, miguu ameikunjia upande mmoja, sinia mbele yake, anamenya maharagwe mabichi. Binti yangu, aliye darasa la nne, alipanga viti vya chakula kwa mstari. Yeye kondakta, mdogo wake abiria. Akapiga kofi mgongo wa kiti na kupaza sauti kama wanavyofanya pale stendi: "Panda gari! Panda gari!" Wamefundishwa shuleni juma hilohilo. Panda gari, shuka, lipa nauli.

Sikuona sinia likianguka. Nilipogeuka mama alikuwa amesimama, amemshika mjukuu wake juu ya kiwiko, anamvuta kuelekea ukutani. "Togenda," akamwambia kwa Luganda. Usiende. Mtoto akacheka, akidhani Jjajja, bibi yake, naye ameingia mchezoni. Kisha akamtazama usoni, na kicheko kikakatika.

Kwa asiye wa hapa Uganda, au aliyezaliwa juzi: miaka ya mwanzo ya 1980, wakati wa utawala wa Rais Obote wa mara ya pili, "panda gari" lilikuwa jina la msako. Askari walizingira mtaa wa Kampala, wakawakusanya watu na kuwapakia malorini. Wengine walirudi. Wengine hawakurudi. Mambo hayo nilikuwa nayajua, kama mtu anavyojua habari za majirani wa mbali. Mimi ni wa Tororo.

Nilikulia kwenye landi za reli, nyumba za wafanyakazi, baba akiunganisha mabehewa. Mlango wa kwanza Wajopadhola, wa pili Wateso, unaofuata Wasamia, na ng'ambo ya kisima familia moja iliyohamia kutoka Kisumu. Kiswahili kilikuwa chetu sote. Mama yangu aliponizaa, mkunga alikuwa jirani ambaye hawakuwa na lugha nyingine ya kusemezana. Ndiyo maana watu wanaposema Kiswahili ni lugha ya bunduki, mimi nilikuwa nawaona wanaitukana nyumba yetu.

Basi usiku ule, badala ya kumuuliza mama kilichompata, nilimsomea hoja. Nilimwambia, kwa adabu na kwa Luganda changu chenye lafudhi, kwamba ile ni lugha tu, kosa ni la watu. Kwamba katiba ilirekebishwa mwaka 2005 kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Nikamkumbusha tarehe 11 Aprili 1979, Kampala ilipokombolewa kutoka kwa Amin: wale Watanzania walioshangiliwa barabarani walikuwa wakisema nini kama si Kiswahili? Waganda wenyewe waliwaita bakombozi!

Kila neno lilikuwa kweli. Mama akasema, "Kale, muwala," sawa, binti, akaingia kulala bila kula.

Ni jambo linaloniuma. Nilishinda mabishano na mtu ambaye hakuwa anabishana.

Siku ya tatu alinieleza mwenyewe, jikoni, bila kuniangalia, akimenya matooke. Alikuwa Kampala mwaka 1983, amekimbia vita vya kwao Luwero, anaishi na kaka yake. Alfajiri mlango ukagongwa kwa kitako cha bunduki. Askari wakasema maneno, wakayarudia kwa ukali zaidi. Kaka akamgeukia akamuuliza, "Bagamba ki?" Wanasema nini? Yeye hakujua. Hakuna aliyejua mle ndani. Askari wakamchukua jinsi alivyo, hana shati. Mama alisema hilo la shati mara mbili, kisha akaomba nimpe majani ya migomba ya kufungia chakula.

Na hapa niungame. Alipofika kwenye "Bagamba ki", hoja ilikuwa tayari imenijia mdomoni: unaona, mama, ndiyo sababu watoto wanapaswa kujifunza! Nilikuwa nimeishika kama mtu aliyeshika jiwe. Nikaimeza. Nadhani ndiyo dakika ya kwanza katika miaka kumi na mmoja ya ndoa niliyomsikiliza mama yule bila kumwandalia jibu. Hoja ile bado naiona ni ya haki. Lakini haikuwa na mahali pa kukaa jikoni mle.

Nilimpigia baba simu nimsimulie, nikitegemea atalainika. Akakasirika. "Watu wa Buganda wana kiburi cha lugha," akasema. Nikamwambia baba, huyu amepoteza kaka. Akanyamaza kidogo, halafu naye akatoa lake ambalo sijawahi kulisikia: alipokuja Kampala kijana kutafuta kazi, kila alipofungua mdomo aliitwa munnamawanga, mtu wa mataifa mengine, ndani ya nchi yake mwenyewe. Alilala njaa siku mbili kwa kuona haya kununua chakula kwa Luganda kibovu. Fundi mmoja wa reli akamsemesha kwa Kiswahili, akampa kazi na ugali. Kwa baba, hiyo ndiyo lugha iliyomfungulia mlango. Kwa mama, ndiyo iliyouvunja. Kila mmoja alikuwapo mlangoni kwake. Mimi sikuwapo popote.

Ugomvi huu wa taifa nao nausikia tofauti sasa. Hata mwaka 1927, Gavana Gowers wa serikali ya kikoloni alipotaka Kiswahili kipanuliwe shuleni, Kabaka Daudi Chwa, mfalme wa Buganda, alisimama kukipinga, akihofia Buganda imezwe. Nilikuwa nasoma habari hiyo kama ukaidi wa kizamani tu. Lugha hiyo ilitumiwa na jeshi la kikoloni, na Lubiri, kasri la Kabaka, iliposhambuliwa na jeshi Mei 1966 amri za wanajeshi zilikuwa kwa Kiswahili. Mtu aliyekuwa na hofu kabla ya jambo kutokea, kisha jambo likatokea, utamtuliza kwa tarehe gani?

Sitaacha kuwasemesha wanangu Kiswahili. Nimelifikiria wiki nzima, na jibu ni hilo. Ila nimemwambia binti yangu kwamba Jjajja akiwapo, kondakta wake aseme "ingia". Ameniuliza kwa nini. Baba watoto akaona tumwache Jjajja amweleze mwenyewe, siku atakayopenda, na nimekubali, ingawa mtoto ananiuliza kila jioni.

Mwisho wa muhula kuna kipaimara, na wazee wote wawili wanakuja, baba kutoka Tororo, mama kutoka Luwero. Watalala chini ya paa moja siku tatu. Baba Luganda chake ni cha salamu, na mama hatatamka Kiswahili. Wakitaka kuzungumza, mkalimani ni mimi.