Mdomo Kwanza, Mgongo Baadaye

Shomoro halisi, yule wa Mji Mkongwe anayeokota makombo barazani na kujenga katika matundu ya kuta, hanisumbui. Aliletwa Unguja na watu mnamo mwaka 1900 hivi, na tangu hapo ameshikamana na nyumba zetu. Wanaonisumbua kuwatofautisha ni ndege wawili wadogo zaidi, ambao wengi wetu huwaita shomoro vilevile ingawa ni wa ukoo mwingine: wataalamu humwita mmoja Spermestes cucullata na wa pili Spermestes nigriceps. Wote wawili wana urefu wa sentimita 9 au 10 tu, kichwa cheusi, tumbo jeupe na mdomo mnene wa kuvunjia mbegu, na wote wanaupenda mpunga.

Jumamosi nilikwenda bonde la Cheju, wakati punje zilikuwa bado na maziwa, nikaomba ruhusa ya kukaa chini ya dungu la bibi mmoja aliyekuwa akiamia ndege tangu alfajiri. Anayejifunza kuwatenganisha ndege hawa huambiwa kwanza atazame mgongo: wa cucullata ni kahawia iliyofifia, karibu na kijivu, na wa nigriceps ni mwekundu wa udongo. Ni kweli, lakini ni ukweli wa saa nne asubuhi, jua likiwa nyuma ya mtazamaji. Mapema zaidi, au ndege wakiwa kivulini, wekundu ule hupotea kabisa na wote huonekana weusi kwa juu na weupe kwa chini.

Kwa hiyo mimi sasa huanza na mdomo. Wa nigriceps ni wa kijivu chenye ubuluu kuanzia shinani hadi nchani, nao hung'aa mbele ya uso mweusi hata mwanga ukiwa hafifu. Wa cucullata una rangi mbili, taya la juu likiwa jeusi na la chini la kijivu, hivyo kwa mbali huonekana kama nusu yake imemezwa na kichwa. Baada ya mdomo hutazama ukingo wa bawa, ambao kwa nigriceps una madoa meupe yaliyopangika vizuri kama ushanga, ilhali bawa la cucullata halina urembo huo. Yeye ana baka dogo la kijani begani, zuri mno, ila huonekana pale tu jua linapolipiga sawasawa, na sioni busara kulitegemea jambo linalotokea kwa bahati. Weusi wa kifua nao husaidia: kwa nigriceps hushuka chini na kukatika ghafla kwenye weupe wa tumbo.

Mahali pana msaada wake, lakini si mkubwa. Cucullata ni wa uwazi, wa mashamba na nyua, na nigriceps hupenda zaidi kingo za msitu na vichaka vyenye unyevu. Cheju, iliyo jirani na msitu wa Jozani, inawakutanisha wote wawili, na mara nyingine huruka katika kundi moja.

Bibi aliniona nimeganda na darubini huku kundi zima likila, akasema, "Mwanangu, wewe watazama midomo yao, mie natazama mpunga wangu." Kisha akazungusha kombeo, na somo langu likaruka lote kwa pamoja. Sikuwa na la kujibu, kwa kuwa kwa mwenye shamba tofauti ya spishi hizi mbili haipunguzi hata pishi moja ya hasara.

Ugumu wenyewe uko kwa makinda. Hao ni wa kahawia tupu, hawana kichwa cheusi, na mdomo wao haujapata rangi yake kamili. Kinda wa nigriceps huweza kuwa na wekundu kidogo mgongoni, lakini wapo ambao hawauonyeshi waziwazi, na kuwahukumu kwa wazazi walio karibu nao hakufai katika kundi lililochanganyika. Wapo watazamaji wanaowagawa makinda hao kwa kukisia, ili hesabu ikamilike. Mimi naona ni afadhali safu ya tatu daftarini, isiyo na jina la spishi yoyote. Kwa Jumamosi ya Cheju, safu hiyo ndiyo iliyotoka ndefu kuliko mbili zile nyingine.