Jinsi nilivyorudisha mshiko wa magurudumu ya treni ya modeli bila spea

Wakuu, kama una kichwa cha treni ya modeli cha saizi ya HO (1:87, yaani kidogo mara 87 kuliko treni halisi) kinachozungusha magurudumu bila kupanda mwinuko, soma hapa. Changu kilikuwa kinagoma na mabehewa machache tu, mota inaunguruma. Mipira myembamba inayovaa kwenye mfereji wa magurudumu ya nyuma ilikuwa imekauka na kukatika.

Spea hapa Mbeya usitafute. Muuzaji wa nje akasema zimeisha. Mwingine anazo, ila hatumi Tanzania. Nikajaribu mbadala: mpira wa kufungia hela ulichomoka hapohapo, na supaglu ikawa ngumu, utelezi ukazidi.

Kilichokubali ni silikoni ya vioo, ile ya mafundi aluminiamu, kutoka duka la vifaa vya ujenzi Mwanjelwa. Futa grisi yote kwenye mfereji kwa spiriti. Laza kichwa chali, gusisha nyaya mbili za transfoma ya treni kwenye magurudumu yasiyo na mfereji, zungusha polepole sana, kisha paka silikoni kidogo kwa kijiti cha meno.

Kazi yenyewe iko hapa: kabla haijakauka, weka wembe bapa juu ya gurudumu likiwa linazunguka, ukwangue mpaka silikoni ibaki sawasawa na chuma. Ikizidi hata kidogo, magurudumu mengine yananyanyuka kwenye reli, na hayo ndiyo yanayochukua umeme, silikoni haipitishi. Iache hadi kesho yake, baridi yetu mnaijua.

Sasa kinapanda na mabehewa yote. Silikoni iliyobaki nimezibia dirisha la jikoni.